Miaka Mitatu ya Kuigiza Maharamia na Mabaharia wa Kale Mikindani

Kofia yangu ya kwanza ya kiharamia iliniharibikia kichwani mbele ya watu wapatao arobaini, ufukweni Mikindani, kwa mvua ya nusu saa tu. Nilikuwa nimeishona kwa blanketi kuukuu la sufu, nikaukunja ukingo wake uwe na pembe tatu kama nilivyoona pichani, kisha nikaukaza kwa wanga wa muhogo na kuuanika juani siku mbili. Ilipokauka iligonga kama kibuyu, nami nikajiona fundi. Mvua ilipoipata, pembe zote tatu zilinywea na kunilalia mashavuni, na uji mweupe wa wanga ukanitiririka shingoni hadi ndani ya koti. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini mchangani. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwingine wa pwani yetu, awe wa Mtwara, Lindi au Kilwa, ambaye ameona burudani hii kwenye simu yake na anafikiria kuianza, ili asipoteze fedha na heshima pale nilipozipoteza mimi.

Burudani yenyewe si mchezo wa kuigiza wa jukwaani. Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaochagua kipindi fulani cha historia, wakajishonea mavazi ya wakati huo, wakajifunza kazi za mikono za wakati huo, na siku kadhaa kwa mwaka wakaishi kama watu wa kale mbele ya watazamaji. Wengi huchagua vita. Wengine huchagua maharamia. Mimi ni mwalimu wa historia, na mwaka 2022, msimu wa korosho uliponiachia akiba kidogo, niliwashawishi wenzangu saba tuunde kikundi. Tulikuwa na seremala, wavuvi wawili, muuguzi, mwalimu mwenzangu, mama muuza vitambaa na kijana wa bodaboda. Baharini hatukuwa wageni. Ugeni wetu ulikuwa katika karne ya 18, na hilo hatukulijua, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani anamjua haramia: kitambaa cha jicho, hereni, mguu wa mti, na bendera nyeusi yenye fuvu.

Kosa la kwanza lilikuwa kununua kabla ya kusoma. Katika mwaka ule nilitumia shilingi 470,000, na kati ya hizo zipatazo 300,000 ziliishia katika vitu ambavyo leo havivaliki. Koti refu la kitambaa kizito lilinigharimu 160,000 pamoja na ufundi. Buti za mtumba zinazofika magotini zilikuwa 60,000, na zilizobaki zilikwenda kwenye mkanda mpana, ile kofia na bastola za mti ambazo nitazieleza baadaye. Tulifanya onyesho letu la kwanza mwezi Desemba, katikati ya joto la kaskazi, sote tukiwa tumefungwa makoti hadi shingoni. Kabla ya adhuhuri mvuvi mmoja, mtu aliyezoea kuvuta nyavu juani tangu utoto, alikaa chini ghafla, macho yakamzunguka. Muuguzi wetu alimvua koti, akammwagia maji kichwani na kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Alipopata nafuu aliuliza swali ambalo mimi mwalimu nilipaswa kuliuliza miezi mitano nyuma: "Hivi kweli hao Wazungu walikuwa wanavuta kamba wamevaa hivi?"

Hawakuwa wamevaa hivyo. Baharia wa kawaida wa wakati ule, awe haramia au mtu wa merikebu ya biashara, alifanya kazi akiwa na shati pana la kitani au pamba, suruali pana inayoishia chini kidogo ya goti, leso shingoni na labda kizibao. Mara nyingi alikuwa pekupeku, kwa sababu viatu huteleza kwenye sitaha iliyolowa. Koti refu lenye vifungo vya kung'aa lilikuwa la manahodha na matajiri, tena kwa siku ya kujionyesha. Kwa hiyo vazi lililo sahihi zaidi kwa historia ndilo lililokuwa rahisi na lenye kufaa hali ya hewa yetu, ila sisi tulilipa zaidi ili tuumie na tukosee kwa pamoja.

Baada ya mkasa huo tulikubaliana kwamba hakuna atakayenunua hata uzi kabla hatujachagua mwaka mmoja na bahari moja. Hili ndilo ningemsihi kila anayeanza alitangulize, kwa kuwa mwaka ukishauchagua, maswali mengine hujibika karibu yenyewe. Hatukuhitaji kwenda mbali, maana Bahari ya Hindi ilikuwa uwanja wa maharamia wa Ulaya kuanzia miaka ya 1690 hadi miaka ya 1720, na baadhi ya maskani yao yalikuwa kisiwa cha Sainte-Marie, upande wa mashariki wa Madagaska. William Kidd, ambaye baadaye alinyongwa London mwaka 1701, alifika Mwali katika visiwa vya Komoro mwaka 1697 ili kuisafisha merikebu yake chini, na maradhi yakaua mabaharia wake wengi hapo. Mfaransa Olivier Levasseur, aliyepewa jina la La Buse, pamoja na mwenziwe John Taylor, waliiteka merikebu ya Wareno iitwayo Nossa Senhora do Cabo huko Réunion mwaka 1721, ikiwa imevunjikiwa milingoti kwa dhoruba na imejaa mali. Levasseur naye alinyongwa kisiwani humo mwaka 1730. Tukauchagua mwaka 1721.

Mara tu mwaka ulipoandikwa kwenye daftari, vitu vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Mama muuza vitambaa alikuwa ameniuzia jora la amerikani, kwa imani yetu sote kwamba hicho ndicho kitambaa cha zamani kuliko vyote, kwa sababu bibi zetu walikitaja. Lakini amerikani, kama jina lenyewe linavyosema, kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, na mkataba wa nchi hiyo na Sultani Seyyid Said ni wa mwaka 1833. Kanga nazo, ambazo akina mama wa kikundi walikuwa wamezivaa kwa fahari kwenye onyesho la kwanza, zilienea pwani yetu katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo. Mwaka 1721 watu wa pwani walivaa vitambaa vya pamba vilivyoletwa na majahazi kutoka Gujarat, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya nili, na wenye uwezo walijitanda hariri. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwalimu, nirudishie amerikani yangu, nikuletee bafta na kaniki." Bafta nyembamba nyeupe na kaniki iliyopaushwa kwa kufuliwa mara nyingi ndizo zilizotufaa hadi leo, ijapokuwa mjuzi akizitazama kwa karibu ataona zimefumwa kwa mashine.

Shati ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu. Fundi cherehani wa kwanza niliyempelekea picha alinikatia shati la kisasa, lenye mabega ya kukatwa na mikono ya kuviringa, akaliongezea tu ukosi mkubwa. Nikilinyanyulia mikono, lote hupanda hadi kitovuni. Nilimpelekea picha hiyohiyo mzee mmoja anayeshona kanzu, ambaye sasa macho yake yamepungua nguvu na kazi amewaachia wajukuu. Nilimweleza kwamba shati la baharia wa Ulaya halikukatwa mviringo hata mahali pamoja: kitambaa kirefu kimoja hukunjwa begani kiwe mbele na nyuma, mikono ni mistatili miwili, na kwapani huingizwa kipande kidogo cha mraba kilichogeuzwa pembe. Mzee alinipokonya karatasi, akaisogeza karibu na pua, akacheka. "Mwanangu, hiki ni kikwapa. Umenizungusha kote huko kuja kuniuliza kanzu?" Alikata karatasi ya kifungashio cha sukari kwa mkasi, akakunja, akanionyesha jinsi kikwapa kinavyompa mtu nafasi ya kunyanyua mkono bila kuvuta vazi zima, na jinsi ukataji huo usivyotupa hata kipande kimoja cha kitambaa. Wakati kila shubiri ya nguo ilikuwa ya thamani, mafundi wa London na wa Kilwa walikuwa wamefikia hesabu ileile.

Shati hilo nililishona kwa mkono mwenyewe, kwa bafta ya mita tatu na nusu, ambayo kwa shilingi 5,000 kila mita ilinigharimu 17,500. Kazi ilichukua wiki tano za jioni. Anayeanza na avute uzi wake juu ya nta ya nyuki kabla ya kuutumia, kwani uzi mkavu hujisokota na kukatika. Avae subana kuanzia siku ya kwanza, si siku ya tatu baada ya kidole kuvimba kama changu. Na asihangaike kushona mishono midogo sana. Nilianza kwa mishono ya kujionyesha, macho yakaniuma, nikaja kutulia kwenye mishono minne katika sentimita moja, na kuishia hapo. Kwenye mapindo yanayoonekana na watu mkono ni wa lazima, lakini kwenye mishono mirefu ya ndani wenzangu wawili wametumia cherehani na hakuna mtazamaji aliyewahi kuwafumua ili akague. Mimi binafsi naona ni udanganyifu mdogo unaosameheka kwa mwenye watoto wa kulea.

Rangi ilitupa furaha tusiyoitarajia. Tulitaka hudhurungi ya matanga ya kale, na wavuvi wetu wakakumbuka kwamba wazee wao walitia nyavu katika maji ya magome ya mkoko ili zisioze upesi. Hapa nitoe tahadhari: misitu ya mikoko ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa, hata kama unabandua gome la mti mmoja tu kwa ajili ya shati. Sisi tuliomba magome yaliyobanduliwa kwenye boriti kwa muuzaji mwenye kibali, naye alifurahi kuondolewa takataka. Tuliyaloweka usiku mmoja, tukayachemsha saa mbili, tukatosa nguo, tukaanika, tukatosa tena mara tatu, zikatoka na wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Kwa fungu la pili, sufuria lilikuwa limeazimwa na wenye shughuli, tukatumia nusu pipa la chuma lenye kutu. Vizibao viwili vilivyoingia humo vikiwa vyeupe vilitoka vyeusi kabisa, kama vilivyochovywa kwenye wino. Kumbe magome yale na kutu vikikutana huzaa rangi nyeusi, na wino wa kale ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Mwenye kizibao alinuna siku nzima. Leo hakubali kukibadilisha na mtu.

Sasa nieleze bastola, jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya. Seremala wetu alizichonga mbili kwa mpingo, akazipigia msasa na mafuta, zenye umbo la gumegume, yaani zile za kuwashwa kwa jiwe la kiberiti. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Kijana wetu wa bodaboda alizichukua kutoka Mtwara mjini akiwa amezichomeka kiunoni kwa kujisahau, akasimamishwa njiani na kupelekwa kituoni. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, analia. Tulikaa pale tangu mchana hadi usiku tukieleza maana ya burudani ambayo askari hakuwahi kuisikia, na bastola hazikurudi. Simlaumu askari hata kidogo. Mkoa wetu unapakana na Msumbiji, na tangu mwaka 2017 watu wa ng'ambo ya Ruvuma, katika Cabo Delgado, wameuawa na kufukuzwa makwao na watu wenye silaha. Katika mazingira hayo, kitu chenye umbo la bunduki si mzaha, na mwalimu wa historia alipaswa kuyafikiria mazingira ya leo kabla ya yale ya 1721. Baada ya siku hiyo hatuna kitu chochote chenye umbo la bunduki. Panga zetu ni za mti mweupe usiopakwa rangi, na kabla ya kila onyesho tunaandika barua kwa serikali ya mtaa na kupeleka nakala polisi, wiki mbili kabla, tukitaja siku, saa, idadi ya watu na vitu tutakavyobeba. Anayetaka kufanyia shughuli yake kwenye magofu, kama yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambayo yako katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, aombe kibali kwa wanaoyasimamia, tena mapema zaidi.

Lililobadili kikundi chetu halikuwa polisi, bali bibi mmoja jirani wa ufukwe tunaofanyia mazoezi. Alitutazama mara tatu au nne bila kusema neno. Siku moja nilipompa shikamoo, aliitika, kisha akaniambia, "Hao mnaowacheza mkachekewa, walikuwa wakichukua watu." Ukoo wake ulitokea visiwa vya Kerimba, kaskazini mwa Msumbiji, na kwao yalibaki masimulizi ya matanga yaliyoonekana asubuhi na watu kukimbilia porini. Nilijua alichokuwa akikisema, ila nilikuwa nimekiweka kwenye rafu nyingine ya kichwa. Kuanzia miaka ya 1780 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava na watu wengine wa Madagaska walivuka bahari kwa makundi makubwa ya ngalawa, wakavamia Komoro, Kerimba na hata Mafia, ambako mji wa Kua katika kisiwa cha Juani ulishambuliwa na watu kuchukuliwa utumwani. Na miaka michache kabla ya hapo wengine walichukuliwa kwa wino na muhuri: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Sisi tulikuwa tumetumia miaka miwili kujifunza vifungo vya mtekaji, na aliyetekwa hatukumshonea hata shuka.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na chenye maneno makali. Mwenzetu mmoja aliona tunaigeuza burudani kuwa matanga ya msiba, akajitoa, na hajarudi. Tuliobaki tuliuacha mwaka 1721 na kuhamia miaka ya 1790. Mashati yalibaki, suruali zilibaki, kofia za pembe tatu tuliziacha bila huzuni. Nusu ya kikundi sasa ni mabaharia wa chombo cha biashara kilichofika na habari mbaya, na nusu nyingine ni watu wa mji wanaolinda, wanaojibizana kama wakimbie au wabaki. Watazamaji hawacheki kama zamani, lakini hawaondoki.

Chombo chenyewe tulikikodi kwa shilingi 120,000 kwa siku, mashua ya tanga moja, na hapo nikafanya kosa ambalo watoto wa Mikindani hawangelifanya. Nilipanga onyesho saa nne asubuhi, Jumamosi ya siku moja baada ya mwezi mpevu, kwa kuangalia kalenda ya shule. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, na tofauti hupita mita tatu. Mashua ililala ubavu kwenye tope mbele ya wageni rasmi, na nahodha akaketi juu yake akila mihogo. Wavuvi wetu walidhani nimepanga makusudi! Tulichofanya ni kuwaita watu washuke topeni waone jinsi chombo kinavyopakwa deheni, yaani mafuta na chokaa, chini na kutiwa kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, kwenye maungio, kazi ileile iliyompeleka Kidd Mwali, na kwa kweli wengi wamelikumbuka hilo kuliko igizo. Jambo moja zaidi kuhusu maji: kila anayepanda chombo avae boya la kuokolea, hata kama linaharibu sura ya 1790. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuteleza akiwa na kizibao na shuka, maji ya kifuani tu, na ilibidi watu wawili wamnyanyue kwa uzito wa nguo zilizolowa.

Mwaka huu, mwezi Julai, tulipomaliza mazoezi ya kukimbia ufukwe, yule bibi aliniita tena. Tulikuwa tumewapa akina mama mitungi ya udongo kichwani, mizuri, tuliyoiagiza mbali, kila mmoja shilingi 15,000. Alisema anayekimbia habebi mtungi, anabeba mtoto. Mitungi tumeiuza. Sasa mama muuza vitambaa anashona mbeleko tano za kaniki, kwa mkono, kwa sababu kila mtu hapa anajua kubeba mtoto kwa kanga, na kanga bado haijafika.